Gome la Koko

Kazi yangu pale maabara Kitengela ni kulisha panya na kuosha vizimba vyao. Niliishia kidato cha nne, lakini ndoto niko nazo: siku moja dawa ya olkiloriti, mti ulio nyuma ya nyumba ya nyanya yangu huko Kajiado, itauzwa kila duka la dawa. Ndiyo maana nilienda kumwomba gome lingine.

"Lile la kwanza lilisaidia?" koko, vile sisi Wamaasai humwita nyanya, akauliza, panga mkononi.

"Sana! Tuliwapa panya wenye vidonda vya tumbo, wakaanza kula vizuri. Mmoja alikuwa akiniona anapanda mkono wangu."

"Ai, rafiki wa panya! Sasa amenona?"

"Waliuawa wote, koko. Lazima daktari apasue tumbo aone kama kidonda kimepona."

"Hata wako?"

"Mimi ndiye nilimshika akidungwa sindano."

"Na nyama mlikula?"

"Panya hatuli, koko. Tunachoma tu."

Alianza kucheka, halafu kicheko kikakatika. Kwake, mnyama hutibiwa aishi, au huchinjwa aliwe. Alikata gome polepole, akanifungia kwa leso.

"Chukua, watu wapone. Lakini ya panya usiniambie tena."

Niliinamisha kichwa anitemee mate ya baraka, vile hufanya kila nikiondoka. Aliniangalia, akarudi kwa mbuzi wake bila kutema.

Kesho yake kazini tuliletewa panya wapya. Niliwalisha bila kuwanyooshea mkono wapande.