Folda Nne za Bwana Jalada

Katika ofisi ile ya maji, aliyetaka kujua jambo la zamani hakuhangaika na makabati. Alimuuliza Bwana Jalada. Kwa miaka thelathini na moja karani huyo wa masjala alikaa chumba cha mwisho wa korido, chenye dirisha moja na makabati kumi na mawili ya chuma. Ukimtajia nyumba, alikutajia namba ya mita, mtu wa kwanza kuombea nyumba hiyo bomba, na ugomvi wake na jirani kuhusu mtaro. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi ya mahudhurio tu.

Hakuoa. Watani wake walisema kaoa kabati namba saba, maana ndilo pekee alilolifuta vumbi kila siku. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, na dada huyo alizaa mtoto mmoja. Mtoto alipokuwa na miaka sita aliifungua redio ya mjomba wake kwa kisu cha mezani, akashindwa kuirudishia. Wengine wangemchapa. Mjomba alimnunulia bisibisi, na jina likamganda hapohapo: Bisibisi. Siku hizi ni mwanamke mzima mwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, na wateja wanakiri kwamba mdomo wake umechongoka kuliko hicho kifaa alichoitiwa jina.

Jumatatu moja mjomba akampigia simu.

"Bisibisi, kompyuta yangu ina wazimu. Naiwasha tu, inanifungulia folda nne ambazo sijaziomba. Nazifunga, kesho nazikuta tena."

"Hilo dogo, mjomba. Nakuja."

Akaja na begi lake la vifaa. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Mikono ya Bisibisi ikasita juu ya kibodi. Mama yake walimzika miezi minane iliyopita, na ni mjomba huyuhuyu aliyeshika jeneza mbele. Ulimi hauna mfupa, akajiambia. Mtu aliyeuliza salamu hiyo miaka thelathini haiachi kwa siku moja. Akajibu, "Sisi hatujambo," akainamia kazi.

Kwanza alitazama ule mpangilio unaoiambia kompyuta irudishe madirisha yaliyoachwa wazi ilipozimwa. Haukuwa umewashwa. Akasaka virusi, akatoka mikono mitupu. Ndipo alipoingia mahali panapowekwa vitu vya kufunguka vyenyewe kompyuta inapowaka, akazikuta njia za mkato nne za kufungulia zile folda, zimejikalia kama wageni waliozoea nyumba. Akazifuta. Akazima, akawasha. Skrini ikatulia, haina kitu.

Folda zenyewe hakuzifungua. Za mjomba wake zilikuwa sawa na mifuko ya koti lake, na yeye hakulelewa kusachi watu wazima.

Jumatano simu ikalia tena. Zimerudi.

"Kuna mtu ananichezea," mjomba alinong'ona Bisibisi alipofika. "Ni yule mhudumu wa chai. Ananitazama vibaya tangu zamani."

"Mjomba, mhudumu wa chai hata simu yake inamshinda kuizima."

Hakuna kinachomuudhi fundi kama kazi yake kumrudia. Bisibisi akazifuta tena, safari hii kwa hasira, akibonyeza kibodi kana kwamba anaua siafu. Lakini macho yake yaliona mengine pia. Majalada yalirundikana mezani, sakafuni, hata dirishani, kwa mtu ambaye hakuwahi kulaza jalada nje ya kabati lake. Kisha mlango ukafunguka, mkuu wa ofisi akachungulia. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, aliyehamia hapo mwaka uliopita.

"Fundi, tafadhali, hiyo kompyuta ipone. Jalada nililoliomba wiki iliyopita bado nalisubiri. Kama chumba kimemshinda mzee, aseme, nimtafutie mtu."

Mjomba alitazama dirishani. Alibakiza miezi mitano tu astaafu kwa heshima. Bisibisi aliogopa waziwazi. Mtu yule hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na dada hayupo tena. Akitolewa chumba kile kwa aibu, atabaki na nini?

Ijumaa zikawa zimerudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Safari hii Bisibisi alivuta kiti. Aliketi, akatazama zile njia za mkato zilitengenezwa lini. Jana, saa moja na dakika kumi asubuhi. Ofisi hufunguliwa saa mbili.

"Mjomba, ufunguo wa chumba hiki anao nani mwingine?"

"Nani apewe? Ninao mimi peke yangu, miaka yote hii!" Alisema kwa majivuno, akiugongagonga mfuko wake.

Bisibisi alisukuma kibodi pembeni. "Naomba uniagizie chai, mjomba."

Alipotoka, Bisibisi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akaifungua folda ya nne. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja.

*Naandika leo nikiwa sawa. Folda hizi nimeziweka mimi. Usizifunge kabla hujasoma. Ya kwanza ni barua za leo. Ya pili ni ramani ya makabati. Ya tatu ni picha za watu wa ofisini na majina yao. Mkuu ni mwanamke, yule mzee alihama. Ukitoka getini pinda kushoto, nyumba yako ina mlango wa kijani. Dada amefariki. Usimuulize tena Bisibisi hali ya mama yake. Anaumia, ila hasemi.*

Akasoma mara mbili. Kumbe kulikuwa na asubuhi ambazo mjomba alijijua, akawahi kazini kabla ya watu, akamwekea akiba yule mtu mwingine ambaye angekuja siku ya pili. Na yule mwingine, asielewe kitu, alizifunga folda na kumwita fundi. Na fundi, kwa ujuzi wake wote, alikuja na kufuta. Bisibisi aliona haya hadi masikio yakamwaka.

Mjomba akarudi. Hakuwa na chai. Alisimama mlangoni akikuna kidevu, kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi.

"Umempata adui yangu?"

"Nimempata, mjomba. Ni kompyuta tu, imechoka kidogo."

"Ah! Basi tumechoka wote," akacheka, akaketi.

Bisibisi akaziacha folda zote nne mahali pake. Halafu, ili zisifungwe tena bila kusomwa, akaupanga ule ukurasa ufunguke wenyewe mbele ya vyote, kwa herufi kubwa zilizojaza skrini. Alipofika kwenye maneno kuhusu dada, kidole chake kilikaa muda mrefu juu ya kitufe cha kufuta. Maneno yale hayakuhitajika kwa kazi. Lakini mwenyewe aliyaandika akiwa sawa, na yeye alikwisha kufuta mara mbili asichokijua. Akayaacha.

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, simu yake ikalia.

"Bisibisi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekimbizwa. "Hapa pameandikwa dada amefariki. Nani kaandika upuuzi huu?"

"Ni wewe, mjomba."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Huu mwezi wa nane."

Akalia, kilio kilekile cha siku ya kwanza, kizimakizima, hakijapungua hata tone. Bisibisi alisubiri, shuka kaliuma kwa meno.

"Na mimi nilikuwepo kumzika?"

"Ulikuwepo. Ulishika jeneza mbele."

"Pole, mwanangu," mjomba akasema mwishowe. "Pole sana. Na mimi sikukupa hata pole."

Siku hiyo, mkuu wa ofisi alilipata jalada lake kabla ya saa nne.

Jumanne, saa moja na robo, Bisibisi alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi, akiomba isilie. Ikalia.

"Bisibisi, hapa pameandikwa..."

"Ni kweli, mjomba," akasema.