Likizo ya Akina Garbutt

Theluji ilipoyeyuka huko Hull, Uingereza, mwaka ule, Denise Garbutt alitandaza ramani ya pwani juu ya meza ya jikoni na hakuikunja tena mpaka Juni. Walikula kando yake. Chumvi ilimwagikia Whitby, siki ikaacha doa juu ya Scarborough, na kila mahali walipopanga kulala Denise alipazungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Alipakia samaki kiwandani kwa miaka kumi na minne, kisha akapika chakula cha mchana cha watoto wa shule kwa miaka ishirini na mitatu. Gari hakuwahi kujifunza kuendesha, kwa kuwa mumewe alikuwa Trevor, na Trevor alizaliwa kuendesha. Miaka thelathini na minane alikuwa juu ya lori. Alipeleka matofali Norwich, alishusha nyanya Newcastle, na miji yote ya pwani ya mashariki aliijua kwa malango yake ya nyuma. Bahari yenyewe aliiona kwa kuiibia, kupitia dirisha, mguu ukiwa kwenye mafuta.

"Siku nikistaafu," alikuwa akimwambia mkewe, "nitakuendesha polepole mpaka ulale. Tunaanzia Berwick, tunashuka na pwani mpaka Cromer, na mwisho wa njia hakuna mtu anayetungojea na karatasi ya kusaini."

Alipostaafu walinunua veni kuukuu yenye vitanda vinne, jiko la mioto miwili, na choo kidogo ambacho Trevor alikiita kanisa, kwa sababu ukiingia ni lazima upige magoti. Wangekwenda wanne, wiki mbili za Julai: wao wawili, binti yao Kirsty aliyekuwa ameachana na mumewe, na mtoto wa Kirsty, Elsie, wa miaka saba. Denise alipiga simu kambi moja baada ya nyingine kutafuta nafasi ya kuegesha, akiuliza kama kuna maji, kama kuna umeme, kama mtoto anaweza kushuka ufukweni bila kuvuka barabara.

Lakini Februari, kabla hata ya simu ya kwanza, daktari alikuwa amewaketisha chini. Trevor alikuwa ameanza kuuliza jambo moja mara tano. Alikuwa amemwita Kirsty kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwaonyesha picha ya ubongo na kusema ni maradhi ya kusahau, na kwamba hayarudi nyuma. Kisha akampa Denise fomu.

"Hii lazima iende ofisi ya leseni," alisema. "Na mpaka wakujibu, bwana Garbutt, usishike usukani. Tumeelewana?"

"Nimeendesha magari tangu wewe hujazaliwa, mpenzi," Trevor alimjibu akitabasamu.

"Najua. Ndiyo maana naliona gumu kulisema."

Denise aliitia ile fomu kwenye mkoba. Walipofika nyumbani aliitoa, akaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu, mpaka Trevor apoe moyo. Siku mbili tatu zikawa Machi. Machi akajiambia, acha Julai ipite. Mtu aliyengoja safari moja maisha yake yote, na safari hiyo haiwezi kwenda bila mikono yake, unamnyang'anyaje?

Kirsty alimuuliza kwenye simu, "Mama, ile fomu umeituma?"

"Nimeituma."

"Sasa nani ataendesha Julai?"

"Wakimkatalia, utaendesha wewe. Bado hawajajibu."

Uongo wenyewe ulimtoka kirahisi kuliko alivyodhani. Alishangaa, kisha akaendelea kumenya viazi.

Na ukweli ni kwamba Trevor akiwa garini alikuwa mzima. Hicho ndicho kilichomponza Denise. Jumapili moja asubuhi alimwambia ampeleke kwenye uwanja wa maegesho wa duka kubwa, duka likiwa limefungwa, akamwangalia kama mtahini. Mzee aliyeshindwa kukumbuka kama amekula alirudisha veni nyuma kati ya mistari miwili bila kugusa hata mmoja. Alitazama vioo. Aliwasha taa ya kukatia kona hata pasipokuwa na mtu.

"Unaniangalia nini?" alimuuliza.

"Nakutamani tu."

"Basi subiri tufike Berwick."

Walicheka. Denise alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akazungushia duara mji mwingine.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Denise alikuwa ghorofani akibadilisha mashuka. Alisikia mlango wa mbele, akadhani Trevor anatoka kuweka taka. Kisha akasikia injini ya veni. Alipofika dirishani aliona nyuma yake tu ikikata kona, taa ikimetameta vizuri, kama kawaida yake.

Aliteremka ngazi pekupeku, akafika barabarani na foronya mkononi. Alipompigia, simu ya Trevor ililia jikoni, juu ya ramani.

Angeweza kupiga polisi pale pale. Baadaye alilisema hilo mwenyewe, mara nyingi, hata pale asipoulizwa. Lakini kupiga polisi ilikuwa ni kuanza kueleza, na kwa hiyo aliketi kwenye kiti cha mlangoni akangoja. Alijipa moyo kwamba kaenda kununua gazeti. Alingoja dakika arobaini. Alipoinua simu, alikuwa ameshachelewa.

Trevor alikuwa ameshika njia ya mashariki, kuelekea vijiji vya pwani vya Holderness. Kwenye kijiji kimoja, pale ambapo barabara haina njia ya waendao kwa miguu, mzee mmoja aitwaye Norman Skelton alikuwa anarudi kutoka kutazama bahari, kama alivyofanya kila asubuhi. Veni ilimpiga ubavuni ikamtupa mtaroni. Haikusimama. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliona yote, na alisema dereva hakuongeza mwendo wala hakupunguza.

Polisi walimkuta Trevor mwisho wa barabara. Kule bahari inakula ardhi, na lami inakatika ghafla juu ya genge, vizuizi vya saruji vimepangwa kuvuka njia. Alikuwa ameegesha mbele ya vizuizi sawasawa, breki ya mkono juu, amechemsha chai, ameketi mlangoni akinywa. Kioo cha kushoto kilikuwa kinaning'inia kwa waya.

"Nangoja ghala lifunguliwe," aliwaambia. "Mmechelewa leo, vijana."

Jioni ile polisi wa kike alikuja nyumbani. Kirsty alikuwa ameshafika, amesimama karibu na jokofu na koti lake mwilini. Trevor alikuwa sebuleni anatazama mchezo wa snuka kwenye televisheni. Yule polisi alivuta kiti, akasogeza ramani kidogo apate pa kuandikia.

"Mama Garbutt, nina swali moja kubwa. Kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia mumeo asiendeshe?"

Denise alimtazama Kirsty. Kirsty alikuwa anaitikia kwa kichwa, kumtia moyo, kwa kuwa alijua jibu: fomu ilitumwa, mama alifanya lililompasa, baba ni mgonjwa, hakuna wa kulaumiwa.

"Daktari alimkataza," Denise alisema. "Februari. Alinipa fomu niitume."

"Na uliituma?"

Jokofu lilinguruma. Sebuleni watu wa kwenye televisheni walipiga makofi.

"La," alisema. Akainuka, akafungua droo, akaitoa chini ya vitambaa vyenye picha za kengele, akaiweka mezani. Haikuwa imekunjwa hata kona.

Kirsty hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema polepole, kama anayehesabu, "Elsie angekaa humo. Wiki mbili. Ungemfunga mkanda wewe mwenyewe, kwa mikono yako, na mimi ningeketi kando yake bila kujua."

"Nilitaka baba yako apate—"

"Usimwingize baba. Baba hajui hata leo ni lini. Wewe ndiye unayejua."

Alichukua funguo zake akaondoka. Polisi aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alifunga daftari na kusema, si kwa ukali, "Si wengi wanaoifungua hiyo droo." Denise hakujua kama ni sifa au nini, na hakuuliza.

Trevor hakushtakiwa, hakuwa mtu wa kusimamishwa mahakamani tena. Denise aliitwa mara mbili kuhojiwa, kisha akaletewa barua kwamba shauri halitaendelea. Alitegemea kuadhibiwa, na ile barua ilimwacha mikono mitupu. Alizipigia simu zile kambi kumi na moja kuzifutia nafasi. Alipofika ya nane, msichana wa upande wa pili alimuuliza kwa furaha kama angependa tarehe nyingine, naye akakata simu bila kuaga.

Agosti alisikia kwamba Norman Skelton ametoka hospitali. Alipanda basi akaenda. Hakuwa na alichobeba. Alikuwa ameoka keki, na kituoni akaona ni upuuzi, akaiacha kwenye benchi.

Aliyefungua mlango ni mke wa Norman, Winifred, mwanamke mwembamba mwenye aproni. Denise alijitaja jina.

"Najua wewe ni nani," alisema Winifred. "Umefuata nini? Nikuambie yamekwisha?"

"Nimekuja kusema ni kosa langu. Si la mume wangu. Ningeweza kuzuia, sikuzuia."

"Hilo polisi wamenieleza." Alitazama viatu vya Denise, kisha uso wake. "Miaka arobaini Norman amekwenda kuitazama ile bahari asubuhi. Kila mwaka anarudi kuniambia imesogea hatua ngapi. Sasa nyonga ina vyuma, mguu mmoja haunyooki, na nimemwekea kitanda chumba cha mbele. Anatazama ukuta. Nikimfungulia pazia anageuka."

"Samahani sana."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Siku ile?"

"Hiyo veni. Mliitakia nini hata usimnyang'anye funguo?"

"Likizo," alisema. "Tulikuwa twende likizo, na familia."

Winifred alilirudia neno lile kwa sauti ndogo, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Likizo." Kisha akafunga mlango. Hakuubamiza. Denise alibaki kizingitini, akamsikia akiweka mnyororo, halafu hatua zake zikirudi ndani, na sauti ya mwanamume ikiuliza ni nani, na ya mwanamke ikijibu, "Si mtu, Norman. Si mtu."

Norman alikufa Novemba kwa kichomi. Denise alilisoma gazetini. Hakwenda mazishini, kwa kuwa alijua ingekuwa ni kwa ajili yake mwenyewe.

Mwezi huohuo Trevor aliingia nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa ameanza kutoka na pajama asubuhi akitafuta lori lake, na siku moja alimsukuma Denise alipoziba mlango, naye Denise akaangukia radieta ya kupashia nyumba joto. Kule anakaa karibu na dirisha linalotazama maegesho. Magari yakiingia vibaya hupiga ulimi. Denise akimtembelea, humwita "dada", kama muuguzi, na humshukuru kwa chai.

Kirsty hakumpigia mama yake simu kwa miezi mitano. Aliporudi alirudi peke yake, Alhamisi moja baada ya kazi, akakaa dakika ishirini na koti mwilini. Sasa huja kila Alhamisi. Elsie humpeleka kumwona babu yake, lakini si nyumbani kwa Denise, na Denise hajathubutu kuuliza sababu, kwa kuwa anaijua.

Jumatatu alasiri kuna kikundi cha wake na waume wa wagonjwa, kwenye ukumbi wa kanisa. Wanakunywa chai, wanalalamika, wengine wanalia. Mwaka uliofuata alikuja mgeni, Pauline, mwenye nywele zilizotengenezwa na mcheshi kweli, akawachekesha wote kwa kueleza mumewe alivyoweka soksi kwenye kibaniko cha mkate. Kisha akasema, "Lakini garini, hamwezi kuamini. Garini ni mzima kama zamani."

Wengine walitabasamu. Denise aliweka kikombe chini.

"Mnyang'anye funguo leo," alisema. "Ukifika tu nyumbani."

"Samahani?"

"Daktari alishakuambia, sivyo? Nakuona usoni. Na wewe umejiambia mpaka kitu fulani kipite. Harusi, au nini?"

Pauline akawa mwekundu mpaka shingoni. "Wewe hunijui."

"Sikujui. Mimi nilingoja Julai, na mtu amekufa. Alikuwa anaitwa Norman Skelton."

Pauline alikusanya skafu na mkoba, akasema hakuja pale kutukanwa na mtu asiyemjua, akatoka. Kupitia dirishani walimwona akivuka uwanja kwa haraka. Gari lilikuwa linamngoja, injini inanguruma, na mwanamume mwenye kofia alikuwa kwenye usukani. Denise alikimbia mpaka mlangoni na kumwita kwa jina. Pauline aliingia, akafunga mkanda, wakaondoka.

Hakurudi tena kwenye kikundi. Denise aliuliza wenzake kama kuna anayejua anakokaa, na hakupata anayejua.