Kwenda Lituhi Kuomba Njia ya Baiskeli

Nilifunga safari kwa sababu ya mguu wa shemeji yangu. Gaudensi, mume wa dada yangu Fotunata, huchukua usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Lituhi hadi soko la Mbinga kwa baiskeli. Kwenye kona kali iliyo juu ya korongo, lori la kahawa lilimsukumia bondeni pamoja na mzigo wake. Mguu ulipona, lakini dada akaifungia baiskeli ghalani.

"Hapiti pale tena mpaka baiskeli zipewe njia yake," alisema. "Kama ni njaa, ituue tukiwa na miguu yetu yote."

Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kurudi kutoka Uganda na diploma, na sikusomeshwa na mtu. Kwa hiyo shauri hili likawa langu. Bwana Shauri wa Songea, mkuu wa Boma la wilaya, alitazamiwa Lituhi, ningemkuta huko. Kabla ya kuondoka niliwaagiza wanaume wa kijijini wafyeke majani kandokando ya kona, upande wa korongo, ili Boma likute kazi imekwisha kuanza. Sikueleza zaidi. Mwenye diploma haelezi sana.

Alfajiri niliondoka kwa baiskeli yangu mpya. Kwenye kona nilishuka nikaikokota, si kwa woga bali kwa uchunguzi. Lori lilinipita likanipigia honi. Nilichunguza nikiwa nimekumbatia mti.

Jioni niliingia Lituhi, nikafikia kwa Mama Kandida, mkaushaji wa samaki anayemuuzia Gaudensi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Diploma. Shemeji yako yuko wapi? Usipa wangu unaliwa na wadudu."

"Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Umekuja kuwafukuza wadudu?"

Bwana Shauri alikawia sana. Nilimsubiri nikila mbasa, samaki wakubwa wa ziwani, kwa ugali wa muhogo, hata mkanda wangu ukabana. Alipofika, nilisimama mbele ya baraza nikaanza na diploma, kisha nikaeleza kona, na kwamba wanaume wetu wamekwisha kuanza kazi.

"Tutaitazama mwaka ujao," alisema.

"Bwana, lile korongo halingoji mwaka ujao."

"Serikali haiendi kwa haraka."

"Malori yanakwenda kwa haraka, Bwana."

Alichukua kofia yake. Kisha akasema anarudi kwa njia hiyohiyo, nimwonyeshe kazi iliyoanza.

Safari ya kurudi nilipanda gari la Serikali, baiskeli yangu ikiwa imefungwa juu. Watu wengi waliniona. Tulipofika kwenye kona, Bwana Shauri alishuka.

Wanaume walikuwa wamefyeka kama nilivyoagiza. Kisha, kwa kuwa sisi Wamatengo hatuachi majani ovyo mteremkoni, waliyalaza miraba miraba. Wanawake walipoona miraba wakachukua majembe, wakachimba ngoro, vile vishimo vyetu vinavyozuia mvua isibebe udongo, wakapanda maharage kwenye matuta. Yalikuwa yameota vizuri.

"Hii ndiyo njia ya baiskeli?" aliuliza Bwana Shauri.

"Ni hatua ya kwanza, Bwana."

Dada yangu alikuwa palepale anapalilia. "Ulisema wafyeke," aliniambia. "Majani yakifyekwa, tunalima. Ulitaka tuyaimbie?"

Wakati huo lori la kahawa lilitokea juu. Dereva aliona vishimo vimeukaribia ukingo wa barabara, akafunga breki, akashuka, akavikagua, akatukana. Kisha akapita polepole kama mwenye kubeba mayai, lori likiambaa upande wa mlima. Upande wa korongo ilibaki nafasi ya baiskeli, na zaidi. Fotunata aliegemea jembe, akaitazama nafasi ile. Jioni alifungua ghala.

Gaudensi amerudi barabarani, naye Mama Kandida ameniletea salamu na usipa. Nimejifunza kwamba mpango mzuri hufaulu hata usipofuatwa. Lakini nimemwandikia Bwana Shauri, na diploma yangu nimeitaja chini ya saini, kwamba aharakishe njia yenyewe. Maharage hukomaa kabla ya mwaka ujao, na siku dada yangu atakapoyang'oa na vishimo kufukiwa, malori yatarudi ukingoni, na baiskeli inarudi ghalani.