Tulivyochagua vifaa vyepesi vya kushuka Nyabarongo, na neno la mume wangu nililolisikia vibaya

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimya. Naingia, nacheka, natoka. Leo nimeona na mimi niweke langu, maana nimekula nyuzi za watu bure kwa miaka.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Yamenikuta mimi mwenyewe na mume wangu, na amesoma huu uzi kabla sijaushusha. Picha zipo ila kakataa nisiziweke, anasema ameonekana kama panya aliyeokolewa mtaroni. Nimeheshimu.

Utambulisho mfupi. Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, sasa hivi naishi Kabeza, Kigali, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti cha ofisi kule Kimihurura mpaka mgongo unalia. Mume wangu anaitwa Vianney, amekulia Bujumbura. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ndicho tunachoongea nyumbani. Changu cha Bukoba, chake cha Buja. Binti yetu Keza ameokota vyote viwili, akakoroga na Kinyarwanda cha shuleni, akatoka na lugha yake mwenyewe.

Sasa twende kwenye mada.

Kuna boti zinaitwa packraft. Ni boti ya kupuliza, lakini si yale maboya ya kuchezea kwenye bwawa. Kitambaa chake ni chembamba na kigumu, unaikunja inakuwa saizi ya blanketi, unaiweka kwenye begi la mgongoni. Unatembea nayo mpaka kwenye mto usiofika gari, unaijaza upepo, unapanda, unashuka na maji. Ukichoka na mto unaikunja tena unapanda mlima.

Nilipoiona video yake mara ya kwanza nilisema hii ni yangu. Tangu Keza azaliwe hatujawahi kusafiri wawili tu, mimi na baba yake. Nikapanga tushuke mto Nyabarongo kule juu, upande wa Ngororero, kwenye mabonde ambayo barabara imeyakimbia. Siku tatu, sisi wawili, simu bila network. Nilitaka turudi tukiwa marafiki tena, si watu wanaokumbushana luku ya umeme na ada ya shule.

Vianney akakubali. Haraka kidogo, lakini akakubali.

Tatizo la mambo haya ni uzito. Boti mgongoni, makasia mgongoni, hema, chakula, sufuria, vyote mgongoni, halafu unashuka na kupanda milima ya Rwanda. Hii milima ukiiangalia kwenye dirisha la basi ni mizuri sana. Ukiwa na mzigo inakuwa na roho mbaya.

Nikawa kichaa wa gramu. Nilinunua mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa kupimia masanduku ya ndege, nikaanza kupima kila kitu ndani ya nyumba. Nilikata mpini wa mswaki. Nilitoa kamba za ziada kwenye begi. Nilimpima paka. Hapo baba Keza akamchukua paka, akatoka naye nje.

Niwape nilichojifunza, kwa anayetaka kujaribu.

Boti, tulichukua moja ya watu wawili badala ya mbili za mtu mmoja mmoja. Jumla ya uzito inapungua sana. Ubaya wake ni kwamba mkigombana hamna pa kwenda. Dada yangu anayeishi Ulaya ndiye aliyetuletea, na pale uwanja wa ndege alinyang'anywa nailoni zote zilizofungia vitu, maana si mnajua nchi hii ilivyopiga marufuku mifuko ya plastiki. Wenzetu wa nje wanashauri uweke nguo kwenye mfuko mkubwa wa taka ili zisilowe. Hapa Kigali huo ushauri ni kesi. Fundi wangu wa Nyamirambo alinishonea mifuko ya ndani kwa kitambaa cha mwavuli, myepesi kama karatasi. Ila mshono unapitisha maji kwenye matundu ya sindano, kwa hiyo lazima upake gundi ndani. Nilisahau mfuko mmoja, nikaja kula mchele uliovunda.

Kasia, chukua la kufunguka vipande vinne liingie kwenye begi. Pampu usibebe. Boti inakuja na mfuko mwepesi wa kunasa upepo, unaukamua kama unakamua ng'ombe, dakika chache boti imesimama.

Sasa jaketi la kuelea. Hapa ndipo ndoa ilipotikisika.

Kuna ya sponji, yale manene, yanajaza nusu ya begi. Na kuna ya kupuliza, unalivaa likiwa limesinyaa, unalijaza kwa mdomo ukifika mtoni. Uzito wake ni kama fulana. Mimi nikasema tuchukue ya kupuliza wote. Mimi nimekulia na Ziwa Victoria mlangoni, yeye kakulia na Tanganyika mlangoni. Watoto wa ziwa tunabeba sponji la nini?

Vianney akasema hapana. Anataka la sponji.

Nikamuuliza sababu, akasema ya kupuliza ni ya watoto. Kesho yake akasema yanapasuka. Keshokutwa akasema rangi ni mbaya. Mwanaume mzima anabishania rangi ya jaketi! Akaanza na mambo mengine: kamba ndefu zaidi, boya la ziada, dumu tupu eti la akiba. Kila nikitoa kitu kwenye begi lake, nikirudi nakikuta kimerudi. Nikaanza kuwaza vibaya, kwamba hataki safari na anatafuta namna ya kuniharibia bila kusema.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye jioni moja tuliyokuwa tunakunja boti sebuleni. Aliniambia, kwa sauti ya chini, "Mama Keza, mi sijuwi kuoga vizuri."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikamwambia siku tatu porini hakuna atakayemnusa zaidi yangu, na mimi nimeshamzoea.

Yeye akacheka kidogo, akaendelea kukunja. Nikasahau.

Basi, kabla ya safari tukaenda Ziwa Muhazi kufanya mazoezi. Kila anayefundisha packraft anasema hivi: kabla hujaenda mtoni, ipindue boti makusudi kwenye maji yaliyotulia, uanguke, uigeuze, upande tena. Mimi nikaipindua mara tatu, raha mustarehe. Zamu ya Vianney, akasema tumbo linamuuma. Nikasubiri. Akaenda kwenye mgahawa wa pale ufukweni, akaagiza brosheti, yaani mishikaki ya huku, na viazi. Tumbo linalouma linakula brosheti?

Nikakasirika wakuu, sitaki kudanganya. Nilimwambia kama hataki kwenda na mimi aseme, nitarudisha boti, tuendelee kuishi kama wapangaji wawili. Maneno mabaya, lakini nilikuwa nimeshayabeba muda mrefu.

Akaweka kijiti cha brosheti chini. Akasema, "Nilikwambiya, mi sijuwi kuoga. Weye ukacheka."

Nilitaka kucheka tena. Halafu nikamwona macho.

Wakuu, kwa Kiswahili cha kwao, kuoga ni kujisafisha na kuoga ni kuogelea. Neno ni hilo hilo, kama ilivyo kwa Kirundi, kama ilivyo kwa Kinyarwanda cha mama yangu ambacho ninakisikia kila siku. Mimi sikio langu la Bukoba likasikia sabuni. Mtu kakusanya ujasiri wa kumwambia mkewe kitu anachokionea aibu tangu utotoni, mke kamcheka mpaka kaegemea ukuta.

Akanieleza yote pale pale. Binamu yake alizama Tanganyika wakiwa wadogo, na tangu siku hiyo mama yake hakumruhusu kugusa ziwa hata kwa kidole. Akakua anatazama wenzake wanaogelea. Kila mtu akisikia Buja anadhani wewe ni samaki, na yeye akaacha wadhani hivyo. Mimi mmoja wao. Hadithi zote za ufukweni alizonisimulia tukiwa wachumba, yeye ndiye aliyekuwa amekaa na nguo za wenzake.

Kumbe lile dumu tupu halikuwa ubishi. Mume wangu alikuwa anaogopa kufa na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu alishaniambia mimi.

Nililia. Yule mhudumu wa pale akadhani tumefiwa, akatuletea maji bila kuagizwa.

Nikasema safari tuifute. Yeye ndiye aliyekataa. Akasema anataka kwenda, ila kwanza ajifunze, na jaketi lake liwe la sponji. Nikamwambia achukue hata mawili.

Akaanza kwenda kufundishwa kwenye bwawa la hoteli moja. Wanafunzi wenzake walikuwa watoto wa chekechea, na kuna mmoja alikuwa anampigia makofi kila akiweka uso majini. Hakuogelea kama samaki. Alichojifunza vizuri ni kuelea chali, na mwalimu akamkaririsha sheria ya mtoni: ukianguka kwenye maji yanayokimbia, lala chali, miguu juu, vidole vikitangulia, usijaribu kusimama. Alikuwa anaifanyia mazoezi kitandani. Usiku nageuka, nakuta mtu kalala chali kanyanyua miguu.

Uzito wa sponji tuliufidia kwingine. Tuliacha meza ya kukunja, tukaacha sufuria ya pili, hema tukachukua la kitambaa kimoja. Mimi nikabaki na jaketi langu la kupuliza, maana mimi naogelea. Kiburi hakipimwi kwenye mzani.

Safari ikaenda. Tulijitambulisha kwa kiongozi wa kijiji pale tuliposhukia, akataka kuona kilichomo kwenye mabegi, akasema sisi ni watu wa ajabu kubeba godoro mpaka mtoni. Siku ya kwanza maji yalikuwa mazito ya kahawia, yametulia, mashamba pande zote yanapanda mpaka mawinguni. Tuliongea kuliko tulivyoongea mwaka mzima. Mengine yalikuwa pumba tupu, lakini ni pumba zetu.

Siku ya pili mto ukajibana kwenye miamba, maji yakaanza kupiga kelele. Tulipita pa kwanza vizuri. Pa pili boti ikapanda jiwe kwa ubavu, ikageuka, tukawa majini wote wawili.

Na mimi, muogeleaji, mtoto wa Bukoba, nikafanya nini? Nikaona maji hayafiki hata kifuani, nikasimama. Mguu ukaingia katikati ya mawe mawili, ukanasa, mto ukaanza kunilaza kifudifudi. Jaketi langu nilikuwa nimelipunguza upepo asubuhi kwa sababu lilikuwa linanibana shingo. Nikameza maji. Miaka yangu yote ya kuogelea, hata mmoja haukunisaidia.

Nikamsikia Vianney. Alikuwa anapita pembeni yangu, chali, miguu juu, sponji limemshika kidevu.

"Miguu! Mama Keza, lala, miguu juu!"

Sijui ni kwa nini nilimtii. Pengine kwa sababu sauti haikuwa na hofu. Nilijitupa nyuma, mguu ukachomoka na kiatu kikabaki, maji yakanichukua. Tukatokea wote kwenye kona ya mchanga huko chini, boti imetutangulia, imekwama kwenye matete inatusubiri.

Kifundo kilichubuka, sufuria ikaenda zake. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Yeye alikaa kwenye mchanga ananisugua mgongo, na kila baada ya muda anatazama ule mto alioupita akiwa chali, anatabasamu peke yake.

Nilimwacha atabasamu. Nilimwomba msamaha kwa kile kicheko cha sebuleni, safari hii kwa Kinyarwanda, nisije nikaeleweka vibaya. Siku ya tatu tukafika kwenye daraja tulilopanga kuishia. Tukapanda milima na mabegi yetu, mimi nikiwa na kiatu kimoja na kandambili moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Nimeshanunua la sponji na mimi. Linajaza nusu ya begi na sina neno.

Mafunzo yangu ni machache. Punguza uzito kwenye vitu vya starehe, usipunguze kwenye kile kitakachokuweka juu ya maji. Kujua kuogelea ziwani si kujua mto. Na mwenzako aking'ang'ania kubeba kitu kizito bila sababu ya maana, usibishane na kitu, muulize anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Wenye uzoefu wa boti hizi karibuni mnikosoe, hasa kwenye makasia. Na wale mliokulia kando ya ziwa na hamjui kuogelea, semeni tu hapa chini, hakuna atakayecheka. Wa kwanza ni mume wangu, amefungua akaunti leo.