Baba Katika Chumba cha Mazoezi

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni viatu. Siku tulipompeleka baba kwenye nyumba ya wazee ya masista, hapa Kolwezi, nilimnunulia viatu vipya vya turubai, vyepesi, vya kufunga kwa kamba. Wakati huo hakuweza hata kusimama. Tension, yaani presha ya damu, ilimpanda akiwa bafuni, upande wa kushoto ukafa, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo. Hospitali ilifika mwisho wa dawa zake, ikasema kilichobaki ni mazoezi. Mimi ninaishi nyumba ya kupanga, juu, ngazi ni za chuma na zimekaa wima. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amebaki na mke wake katika nyumba ya baba kule Musonoi, lakini akasema mke ana mimba, hawataweza kumnyanyua mzee. Basi tukaona masista ndio wanafaa, maana wana vitanda, wana walezi, na wana kine, ndivyo tunavyomwita mtu wa mazoezi ya viungo.

Baada ya wiki kadhaa nilivichukua vile viatu nikavifue. Soli ya kushoto ilikuwa imelika kwenye ncha, kama mtu anayeiburuta kila siku juu ya saruji. Nikamtazama baba. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wa kushoto umelala mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu amshikie.

"Tata, nani eko anavaa hii biatu?"

"Mi nitajua wapi?" akasema, akageukia dirisha.

Nikaamua kuwa anayevivaa ni mlinzi wa pale. Kisha, usiku wa siku ile nikiosha vyombo, nikaamua kuwa ni kine mwenyewe.

Huyo kine nilikuwa simpendi tangu mwanzo. Alikuwa kijana mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye viganja vipana. Kila Jumapili nikija alinipa maneno yaleyale: "Mama, tata anaendelea muzuri." Anaendelea wapi? Baba niliyemwona hakuinua hata kidole. Na chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa baraza, kioo cha mlango kimefunikwa kwa kitambaa cha bluu. Nilipoomba kuingia nione, sista mkuu alinishika mkono akanirudisha taratibu, akasema wagonjwa wanaona haya. Siku moja, nikimbadilisha baba shati, nikaona alama nyekundu imezunguka kiuno chake, kama mtu aliyefungwa kamba. Nilimuuliza. Akasema ni mshipi wa suruali. Suruali yake ilikuwa ya mpira kiunoni.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilijiambia kwamba kule ndani wanamfunga, na baba, ambaye maisha yake yote aliendesha mashine kubwa ya kuchimba kwenye shimo la kampuni na hakuwahi kumwogopa bosi yeyote, sasa anamwogopa kijana. Nikaomba ruhusa kazini. Siku ya Jumanne, ambayo si siku ya wageni, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nyuma ya wanawake waliokuwa wakileta mboga, nikazunguka jengo mpaka kwenye dirisha la chumba cha mazoezi.

Ndani kulikuwa na mabomba mawili ya chuma, marefu, yamesimamishwa sambamba kimo cha kiuno. Kati ya mabomba hayo baba yangu alikuwa anatembea.

Alitembea vibaya, mguu wa kushoto ukichora nusu duara sakafuni kabla ya kukubali kutua, lakini alitembea. Kine alikuwa nyuma yake, ameshika mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa baba, akimwambia, "Goti kwanza, tata. Goti, njo mguu. Usiikimbize." Baba alifika mwisho, akageuka peke yake, akarudi. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Kisha alicheka kitu alichoambiwa, na mkono ule wa kushoto, uliokuwa mzigo siku ya Jumapili, ukashika bomba.

Nilipaswa kufurahi. Lakini kilichonijia ni swali moja tu: kwa nini amenificha mimi?

Nilimngoja kine barazani. Alipotoka na taulo begani na kuniona, alijua.

"Nilimuona," nikamwambia. "Tata anatembea. Na weye kila Jumapili unaniangalia tu."

"Mama, kila Jumapili nilikuambia anaendelea muzuri."

"Juu ya nini anajifanya vile?"

Alikunja taulo polepole. "Ule ni mugonjwa wangu. Aliniomba nisionyeshe mutu. Muulize yeye mwenyewe."

Baba alikuwa amesharudishwa kitandani. Nilifunga mlango, nikakaa karibu na miguu yake. Hakujaribu kukana. Alinitazama, jicho la kushoto likichelewa kidogo nyuma ya lile la kulia, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Nani eko analala mu chumba yangu?"

"Hakuna mutu, tata. Kimefungwa."

"Na kufuli?"

"Nayo iko."

"Weye uliingia?"

Sikuwa nimeingia. Nilipokwenda Musonoi, mdogo wangu alinikaribisha uani tu, chini ya turubai jipya. Baba alisema jirani mmoja wa kule Musonoi alikuja kumsalimu, akatoa soda, akaongea mambo ya kanisa, na alipokuwa anaaga akasema kwamba ardhi ya baba sasa inazaa. Baba hakuuliza zaidi. Pale kwetu kila mtu anajua watu wanachimba madini chini ya nyumba zao, chini ya kitanda, chini ya meza ya kulia. Tangu siku hiyo akaamua kwamba asionekane anapona, mpaka aweze kufika mlangoni kwake kwa miguu yake.

"Mungejua natembea, mungefunika kila kitu," akasema.

"Mungefunika? Hata mi?"

"Ni weye ulinileta huku, mama wangu. Mbio mbio vile."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ninavyoweza kuyaandika. Nilianza kulia, na hata nikilia nilimwona ananipima kama machozi ni ya kweli. Mwisho akasema, "Basi wende uone. Usimuambie ndugu yako kitu."

Nilikwenda kesho yake na moto-taksi, pikipiki ya abiria. Mdogo wangu alitoka haraka kunipokea kabla sijafika mlangoni. "Karibu, yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kaa hapa inje, ndani kuna joto." Mke wake, tumbo limetangulia, aliniletea kiti. Kwenye kamba suruali zilikuwa zimeanikwa, si za mdogo wangu, ndefu na fupi, zote zimeshika rangi ya udongo. Nikasema nataka maji, nikaingia kabla hajajibu. Sebuleni nikasimama karibu na mlango wa chumba cha baba. Kufuli lilikuwapo, jipya. Mdogo wangu alikuwa ameshanifuata.

"Kafunguo kalipotea," akasema.

Hapo ndipo niliposikia mtu akikohoa chini ya miguu yangu. Alikohoa kikohozi kirefu cha vumbi, ndani ya ardhi. Tukatazamana, mimi na mdogo wangu. Nikanywa maji, nikamshukuru mke wake, nikaondoka.

Nilipomweleza baba, hakupiga kelele. Alimwita kine, akamwambia anataka kwenda nyumbani kwake kutembea. Kine hakuuliza sababu. Aliuliza mlango una vidato vingapi, vina kimo gani, na kama kuna kitu cha kushika. Kisha akapanga matofali kwenye chumba cha mazoezi, na siku zilizofuata baba alifundishwa kupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa mguu mbovu, kuingia ndani ya gari matako yakitangulia, kuinuka kwenye kiti cha chini bila kuvutwa. Sasa niliruhusiwa kuangalia. Hata hivyo, kila kine alipomshika, macho yangu yalikwenda kwenye viganja vyake.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, kwa taksi, sisi watatu. Baba alikataa kushikwa. Alishuka, akaegemea fimbo, akavuka ua wake kwa ile nusu duara ya mguu. Mdogo wangu alikuwa anaosha uso. Beseni lilimtoka mikononi.

"Fungua," baba akasema.

Kafunguo kalikuwa mfukoni mwa mdogo wangu. Kitanda cha baba kilisimamishwa ukutani, na mahali pake palikuwa na shimo la mviringo, safi, na kamba inayoshuka gizani. Baba alilichungulia kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha miguu ikaanza kumtetemeka, kine akamsogezea kiti.

"Tata," mdogo wangu akasema, "tulizania hautarudia tena."

"Najua. Njo maana nimerudia."

Hakumlaani. Alimwambia awatoe watu waliokuwa chini, kisha alifukie shimo kwa mikono yake, udongo uleule. Kazi ilichukua wiki nyingi. Baba alikuwa analetwa pale mara kwa mara, anakaa sebuleni na kumwambia mtoto wake ashindilie vizuri, maana yeye atalala hapo.

Na analala hapo. Mdogo wangu na mke wake bado wanaishi naye, mtoto amezaliwa, kine anakuja siku ya Jumanne. Nimemwomba baba ahamishie kitanda sebuleni, hataki. Anasema sakafu imeshika. Mdogo wangu naye anasema imeshika. Mimi simwamini yeyote kati yao, na kabla ya kuaga huwa nazunguka nyumba kwa nje, natazama nyufa za ukuta.