Fundi Mitambo Aliyekatazwa Kushika Spana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli mpya ya bluu na nikaambiwa nisiivae. Aliyeniambia hivyo alikuwa Meneja wa Shamba, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na tulikuwa tumesimama mbele ya mtambo wa kukoboa kahawa, kwenye shamba la shirika la umma huko juu Oldeani.

"Hiyo kaiweke nyumbani, Gadiye," alisema. "Ukiulizwa, wewe ni msaidizi wa fundi mitambo. Lakini kazi yako iko kule." Akanyoosha kidole kwenye kiwanja cha mpira kilichokuwa nyuma ya mabanda, kimeinamia upande mmoja, na ng'ombe wawili wamelala kwenye duara la kati.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ninyi vijana mnaosikia leo wachezaji wakisaini mikataba mbele ya kamera mnadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wakati wetu mchezaji wa kulipwa kwa jina hilo hakuwepo. Kila shirika lilikuwa na timu, na kila mchezaji alikuwa na cheo cha uongo: karani wa ghala, dereva, mpimaji, msaidizi wa fundi. Mshahara ulikuwa wa kweli na nyumba ilikuwa ya kweli. Kazi ndiyo haikuwa ya kweli.

Mimi nilikuwa mshambuliaji wa kati, namba tisa, na wazee wa wakati ule walituita sentafowadi. Kocha wetu alikuwa dereva wa trekta aliyewahi kuichezea timu ya mkoa, na ndiye aliyenifundisha kwamba kufunga ni kazi ya sekunde chache na kusubiri ni kazi ya mchana mzima. "Usimtazame kipa," aliniambia. "Kaa kwenye bega la beki, upande asiouona. Akigeuka, wewe uwe umeshaondoka." Ukiondoka mapema mno unakuwa umeotea na kibendera kinapanda, ukichelewa beki anakufunika. Alinifundisha pia habari ya miguu. Watu huushangilia mguu unaopiga, lakini mguu unaofanya kazi kubwa ni ule wa kusimamia, unaobeba mwili wote wakati mwingine uko hewani. Wangu wa kusimamia ulikuwa wa kushoto.

Mwaka wangu wa pili pale alikuja Saning'o. Alitoka Kakesio, kwa wafugaji, na alikuwa amejifunza mpira shule ya bweni. Alicheza winga ya kushoto. Daluga, yaani viatu vya mpira vya ngozi ngumu vyenye meno chini, zilimtesa mpaka akazikata visigino kwa kisu, Meneja akapiga kelele wiki nzima. Lakini akikimbia pembeni, beki alikuwa anafuata vumbi tu. Krosi zake zilikuja kwenye nguzo ya karibu, usawa wa paji langu la uso, na sikuhitaji kumwambia neno. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na alipenda kukaa kimya. Jioni tulikaa pamoja tukinywa maziwa ya mgando, nikimtania kwa Kiiraqw na yeye akinijibu kwa Kimaasai, kila mmoja haelewi na wote tunacheka.

Baadaye tukachukuliwa wote wawili na kiwanda kimoja mjini Arusha. Hapo nikapandishwa cheo, nikaitwa fundi mitambo kamili. Sikuwa nimewahi kugusa mtambo wowote.

Nilikuwa najua kwamba mpira una mwisho. Kwa hiyo asubuhi moja, kabla ya mazoezi, nikaenda karakana kumwomba Mkuu wa Karakana anifundishe kazi kidogo kidogo. Alikuwa Mpare mmoja mtu mzima, mkali, mikono yake imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Mwanangu, mimi ningependa," alisema. "Lakini juzi nimepewa amri kutoka juu. Chuma kikikuangukia mguuni, mimi ndiye nitakayefukuzwa. Tafadhali usiingie tena humu."

Nilikwenda kwa Meneja Mkuu mwenyewe. Alicheka sana, akanipigapiga begani. "Fundi wa kuzibua pampu ninao kumi, Gadiye. Fundi wa kuzibua nyavu ninaye mmoja. Nenda kapumzike."

Nikaenda kupumzika. Miaka ikapita hivyo. Mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii wakapungua Ngorongoro, vijana wa kwetu waliokuwa mahotelini wakarudi kulima mahindi. Ikaja vita, ikaja miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mimi nilikuwa nakula kambini, na nilipokwenda nyumbani Rhotia nilibeba sabuni mche mzima, baba akaniona nimefanikiwa. Ndipo alipogawa shamba. Aliwapa wadogo zangu wote, akaniambia, "Wewe una kazi mjini, huna haja na udongo." Nilikubali kwa moyo mweupe.

Goti liliumia Digodigo. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Tulipelekwa kucheza mechi ya kirafiki kwenye uzinduzi wa mradi wa maji, safari ya kutwa nzima juu ya lori, barabara yote mawe. Wenyeji walikuwa wakarimu, walikuwa wametutengenezea uwanja kwa kufukia mfereji wa kumwagilia mashamba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilipoweka mguu wa kushoto ili nipige, ukazama hadi juu ya kifundo, mwili ukazunguka na goti likabaki pale pale. Nilisikia kitu kikikatika ndani, kama kijiti kibichi.

Fainali ya mkoa ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Mshindi angeingia ligi ya taifa, na kiwanda chetu kilikuwa hakijawahi kufika huko.

Siku hiyo, katika chumba cha kubadilishia nguo, alikuja Mwenyekiti wa Timu pamoja na tabibu wa kiwanda. Tabibu alikuwa na sindano ya ganzi, ile inayofanya mahali pasisikie maumivu. Goti langu lilikuwa limevimba kama boga.

"Dakika tisini tu," Mwenyekiti alisema. "Baada ya hapo tutakutibu popote, hata nje ya nchi."

Saning'o alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasimama. "Mzee, kwetu hata ndama aliyeteguka hatumpeleki malishoni. Huyu akiingia, mimi siingii."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Basi kesho asubuhi mrudishe funguo za nyumba, wote wawili. Mrudi kwenye ndama wenu."

Niliwaza nyumba, nikawaza shamba lililokwisha gawanywa. Saning'o alikuwa na ng'ombe wa baba yake wanaomsubiri Kakesio. Mimi nilikuwa na ile nyumba na goti tu. Nikamvuta pembeni.

"Ndugu yangu, cheza. Nipe krosi moja, moja tu, halafu nitatoka."

"Utatoka umebebwa," alisema.

"Nipe."

Nilichomwa sindano. Kipindi cha kwanza nilitembea tu, mabeki wakaniona si kitu, wakaniacha. Katikati ya kipindi cha pili Saning'o alimpita beki wake pembeni kabisa, karibu na kibendera cha kona, akainua kichwa akanitazama. Hakuharakisha. Nikaondoka kwenye bega la sentahafu, beki wao wa kati, mpira ukaja nguzo ya karibu, nikaurukia nikaupiga kwa paji la uso. Kipa hakunyanyua hata mkono. Nakumbuka kimya kifupi kabla uwanja haujalipuka, na nakumbuka kwamba nikiwa bado hewani niliona uso wa Saning'o. Hakuwa anashangilia. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuja kwangu, kwa sababu alijua nitatua kwa mguu gani.

Alinibeba mgongoni hadi nje. Watu wakadhani ni furaha, wakatupigia makofi.

Tulishinda kwa bao hilo. Hospitalini walisema gegedu la goti, ile nyama ngumu inayotenganisha mifupa, limesagika, na mishipa inayolishikilia imekatika miwili. Habari ya kwenda nje ya nchi sikuisikia tena. Mwenyekiti alikuja mara moja na machungwa. Saning'o alirudisha funguo zake bila kuombwa, akavaa rubega, shuka la kwao, akaja kuniaga wodini.

"Siwezi kuwapigia krosi hawa," alisema. Akaondoka kwenda kwao, na baadaye nilisikia amehamishia mifugo Oloipiri, kwa wajomba zake.

Ligi ya taifa ilipoanza alikuja sentafowadi mpya kutoka Tanga, akapewa nyumba yangu. Mimi nikapelekwa karakana. Kwenye makaratasi nilikuwa fundi mitambo mwenye uzoefu, kwa hiyo hapakuwa na mahali pengine pa kunipeleka. Mkuu wa Karakana, yule yule, alinipa spana na kunionyesha pampu. "Ifungue, tuanze hapo."

Nilijaribu kila kichwa cha nati. Sikujua kama nazungusha kushoto au kulia. Vijana waliotoka chuo cha ufundi walisimama kuzunguka, mwanzoni kwa heshima, maana walikuwa wamenishangilia uwanjani. Kisha mmoja akacheka. Mkuu wa Karakana akaichukua ile spana mkononi mwangu polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akasema kwa sauti ya chini, "Si kosa lako, mwanangu." Ningeona afadhali angenitukana.

Punguzo la wafanyakazi lilipokuja nilikuwa wa kwanza. Nilirudi kwetu Rhotia, Karatu. Wadogo zangu walinipa pembe ya shamba yenye mawe, nikamshukuru Mungu. Halafu watalii wakaanza kurudi, nikapata kazi ya kulinda geti la kambi moja ya mahema. Nilifungua na kufunga geti hilo hadi nilipostaafu. Kazi ya mlinzi naiheshimu, ndiyo kazi pekee ya mshahara niliyowahi kuifanya kwa mikono yangu. Lakini sina cha kuwaeleza kuihusu. Gari linakuja, unafungua.

Mke wangu, Paskalina, nilimwoa nikiwa tayari ninachechemea. Alikuwa mtu wa Mbulu na hakuwahi kuona mechi yangu hata moja. Mwaka alioanza kuugua alikaa sana nje kuota jua, na siku moja, tukipukuchua mahindi, akaniambia, "Nionyeshe basi hicho ulichokuwa unakifanya huko."

Nilisimama. Nikachukua gunzi, nikaliweka chini. Nikauweka mguu wa kushoto mahali pake, nikahisi goti linayumba, nikajua kwamba nikinyanyua wa kulia nitaanguka mbele yake. Nikakaa tena kwenye kigoda. Nikamsimulia lile bao la mkoa, lote, kama nilivyowasimulia ninyi.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na mahindi. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na walioliona wako wapi?"

Nikaanza kumtajia. Kocha wa trekta, amekufa. Mpare wa karakana, amekufa. Mwenyekiti, amekufa. Saning'o, Wamaasai wa mnadani waliniambia alizikwa huko huko Oloipiri mwaka wa ukame. Niliendelea kutafuta majina, naye akawa ananisubiri kwa uvumilivu, hadi yakaniishia.

"Basi mimi nimesadiki," alisema Paskalina.

Alikuwa mtu wa mwisho kusadiki. Tulimzika mwaka juzi. Sasa hapa Karatu watu wananijua kwa mwendo wangu wa kuchechemea, na hakuna hata mmoja anayeweza kusimama akasema kwamba kweli niliwahi kukimbia.