Magongo ya Wanawake wa Kijapani

Miaka sita ya kumenya vitunguu kiwandani Leicester ilitosha kunipeleka Birmingham. Nyumba moja ya sanaa huko ilitafuta mtu wa kuwaeleza akina mama, kwa Kiswahili, picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao: wanawake na kazi zao za nyumbani, majira kwa majira. Niliitaka kazi hiyo mno. Picha ya majaribio waliniletea kwa faksi, ikafika imefifia: wanawake wawili wamepiga magoti, magongo mikononi. Nikasema hawa wanatwanga mpunga, nikaandika kurasa nane.

Jioni nilifika Stechford, pembezoni mwa Birmingham, kwa Bi Zuhura, Msomali aliyekulia Mombasa, rafiki wa dada yangu. Alinipa chai nzito na kunisikiliza nikikariri.

Asubuhi tulipanda treni pamoja hadi mjini, maana naye alikuwa miongoni mwa akina mama walioalikwa kunisikiliza.

Saa nne tuliingia ukumbini kwenye jaribio. Akina mama walikuwa wameshaketi, na msimamizi, Mwingereza, amesimama nyuma na daftari. Nikaitazama picha yenyewe. Hapakuwa na kinu. Palikuwa na gogo bapa, na juu yake kitambaa kilichokunjwa, kinapigwa ili kilainike kabla ya baridi. Ningeweza kudanganya, lakini picha ilikuwa mbele ya macho yao.

“Nilidhani wanatwanga,” nikasema. “Nimekosea. Wanapiga nguo.”

Mama Furaha, Mkongo wa mtaa wa Newtown, akasogea karibu na kioo cha picha.

“Na mwenye nguo iko wapi?” akauliza. “Miye sioni bwana hapa.”

Bi Zuhura akajibu polepole. “Wangu yuko Nairobi, mwaka wa nne sasa, angoja karatasi za kuja huku. Kila jua likitoka nazitoa nguo zake, nazianika, nazirudisha kabatini.”

Nilikuwa nimelala nyumbani kwake nisijue. Viti vikavutwa, kila mmoja akawa na lake la kusema, na wote walimwelekea Mama Furaha.

Nilirudi Leicester simu mkononi, nikiitazama kila kituo. Ilipolia, siku ya tatu, kazi alikuwa amepewa Mama Furaha. Msimamizi hakujua Kiswahili, ila aliona akina mama wamemgeukia nani.

Niliona wivu, sifichi, na siku hiyo nilimenya vitunguu kwa hasira. Lakini walichagua vizuri. Kurasa nane nilizijaza kazi ya wale wanawake, na sikuuliza hata mara moja walikuwa wakimfanyia nani.